Baba alikuwa Jeshi la Anga mwaka 1982. Je, alikuwa mwasi?

*"Shikamoo mwalimu. Baba yangu alijiunga na Jeshi la Anga la Kenya mwaka 1978 baada ya kidato cha nne, akawa fundi wa ndege Nanyuki. Agosti 1982 alikamatwa, akakaa ndani miezi saba, mara Kamiti mara Naivasha, kisha akaachiliwa bila kazi wala barua. Hakutueleza lolote. Redio ikitaja Agosti mosi, alikuwa anainuka na kutoka nje. Alifariki mwaka jana. Katika sanduku lake la bati nimekuta picha moja: amesimama chini ya pua ya ndege ya kivita, masikioni amevaa vifaa vyenye waya mrefu, mkononi ameshika tepe nyekundu kadhaa. Nyuma imeandikwa 'Nanyuki, Novemba 1981'. Kijijini bado tunaitwa watoto wa mhaini. Mjomba anasema marubani wa Nanyuki ndio walioipiga Ikulu mabomu, na kwamba jeshi lote lilikuwa na hatia ndiyo maana likavunjwa na kubandikwa jina la '82'. Ni kweli? Naweza kupata rekodi zake, au nimwache mzee apumzike?"*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Swali lililo chini ya maswali yako yote ni kama baba yako alikuwa mwasi. Hilo siwezi kulijibu nikiwa huku, wala mjomba hawezi akiwa huko. Ninachoweza ni kukueleza jeshi lile lilivyofanya kazi, nani alifanya nini asubuhi ile, na karatasi gani zinaweza kusema kuliko mimi na mjomba tukiwekwa pamoja.

Nianze na mjomba, maana anayoyasema nimeyasikia matangani na kwenye matatu miaka nenda miaka rudi. Ikulu haikupigwa bomu. Jumapili ile ya tarehe 1 Agosti 1982, ndege za kivita ziliruka kweli kutoka Nanyuki zikiwa na mabomu, na amri ilikuwa kwenda kupiga Ikulu na makao makuu ya GSU, kikosi maalumu cha polisi. Lakini amri hiyo haikutoka kwa marubani. Walishikiwa bunduki na askari wa vyeo vya chini, wakaitikia wakiwa ardhini, wakakaidi walipokuwa angani. Mabomu waliyaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya. Kwa hiyo marubani ambao mjomba anawalaumu ndio walioinusuru Nairobi siku hiyo.

Uasi wenyewe ulitoka chini ya ngazi. Kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, alikuwa praiveti mwandamizi, cheo cha pili kutoka chini kabisa. Mwenzake, Pancras Oteyo Okumu, alikuwa sajenti. Ukilijua hilo, picha yako inaanza kusomeka vizuri zaidi, na pia inaanza kuwa ngumu kidogo. Nitafika hapo.

Kwanza tuisome. Kwa maelezo yako na kwa mahali na tarehe iliyoandikwa nyuma, ndege hiyo huenda ni F-5. Utaitambua kwa pua ndefu iliyochongoka, mabawa mafupi na membamba, na reli ya kubebea kombora kwenye ncha ya kila bawa. Kenya iliagiza ndege hizi Marekani mwaka 1976, zikaanza kufika 1978, mwaka uleule baba yako alipojiunga. Haikuwa bahati nasibu. Mwaka huo wa 1976 Idi Amin alikuwa amedai kipande kikubwa cha magharibi mwa Kenya ni cha Uganda, na upande wa mashariki Somalia ilikuwa haijaacha ndoto ya kuchukua kaskazini mashariki. 1977 ikaivamia Ethiopia kwa sababu ya Ogaden. Jeshi lililoanzishwa tarehe 1 Juni 1964 kwa msaada wa Waingereza, likiwa na ndege ndogo za mafunzo na za kubebea watu na mizigo, sasa lilihitaji ndege za kwenda kasi kuliko sauti. Ndege za namna hiyo huwezi kumkabidhi mtu asiyejua kusoma mchoro wa umeme. Ndiyo maana vijana wa kidato cha nne kama baba yako walitafutwa.

Sasa tazama vitu alivyonavyo. Vile vifaa vya masikioni vyenye waya mrefu si vya kuzuia kelele tu. Waya ule huchomekwa kwenye ndege, na anayeuvaa ndiye anayezungumza na rubani wakati wa kuwasha injini. F-5 ina injini mbili ndogo za J85, na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba ndege hii haijiwashi yenyewe. Haina stata. Lazima mtambo usukumwe hadi ubavuni mwake, bomba nene liunganishwe tumboni, hewa ya shinikizo ipulizwe ndani hadi injini ianze kuzunguka, ndipo rubani afungulie mafuta na cheche. Itafute picha tena, angalia chini ya tumbo la ndege. Ukiona bomba limelala kwenye lami kama chatu, ndilo hilo.

Na zile tepe nyekundu ni vifungo vya usalama. Ndege ya kivita ikiwa imeegeshwa, kila kitu kinachoweza kufyatuka au kukunjika kimezuiwa kwa pini: magurudumu, silaha, na mengine. Kila pini ina utepe mwekundu ulioandikwa kwamba iondolewe kabla ya kuruka. Dakika ya mwisho fundi huzichomoa, kisha husimama mbele ya ndege na kuziinua ili rubani azihesabu kupitia kioo. Kama idadi haikutimia, ndege haiendi popote. Baba yako amepigwa picha na tepe mkononi, maana yake huyo hakuwa mtu wa kufagia hanga. Alikuwa fundi wa uwanjani, yule ambaye rubani humtazama mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Wengi wa marubani niliowahi kuzungumza nao husahau majina ya makamanda wao, lakini hawamsahau mtu wa pini.

Hapa ndipo ugumu unapoanza, na sitakuficha. Ndege ya kivita ni kama sanduku lenye funguo mbili. Rubani ana mmoja, watu wa ardhini wana mwingine. Waasi wa Nanyuki walikuwa upande wa ardhini: wangeweza kujaza mafuta, kufunga mabomu, kuleta mtambo wa hewa, kuchomoa pini. Kurusha hawakuweza. Ndiyo sababu walihitaji bunduki kuwalazimisha wenye ufunguo wa pili. Lakini hesabu hiyohiyo inatuambia kwamba kama ndege ziliruka asubuhi ile, kuna mafundi waliozihudumia. Huenda baba yako alikuwa miongoni mwao, huenda alikuwa amelala kambini, huenda alikuwa likizo. Na kama alikuwepo uwanjani, huenda alielekezewa bunduki mgongoni kama wale marubani. Tofauti ni kwamba rubani aliyelazimishwa alipata nafasi ya kukaidi akiwa angani. Fundi aliyelazimishwa hakuwa na anga ya kukimbilia. Alibaki palepale kwenye lami na aliyemshikia bunduki. Historia imewakumbuka wale wa juu. Hawa wa chini haijawauliza.

Utashangaa labda kwa nini uasi uliokuwa na ndege za kivita ulizimwa kabla ya siku kuisha. Sababu ni kwamba jeshi la anga halishiki mji. Lilijengwa lipige kutoka juu na kurudi nyumbani; lina mafundi, wapishi, makarani, wachora ramani, na askari wachache wa bunduki wa kulinda kambi. Waasi waliteka kituo cha Sauti ya Kenya, wakamtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kitandani na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Lakini kituo cha redio ni nyumba, na nyumba huzingirwa. Jeshi la nchi kavu likiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed likaingia mjini na kuikomboa, na wakati huo baadhi ya waasi walikuwa wametawanyika mitaani, maduka yakiporwa. Ochuka akatoroka kwa Buffalo, ndege ya kubebea watu na mizigo, hadi Tanzania. Baadaye alirudishwa, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, akanyongwa mwaka 1987 pamoja na Okumu. Hao ndio watu wa mwisho kunyongwa kisheria nchini Kenya hadi leo.

Tuje kwa hilo la jeshi zima kuvunjwa, maana mjomba amelichukua kama hukumu. Mwezi huohuo wa Agosti 1982 serikali ililivunja Jeshi la Anga lote, takriban watu 2,100, na kuwakamata karibu wote. Hatua hiyo ilikuwa ya kiusalama na kiutawala. Haikupitia mahakamani, na haikumchuja aliyeasi na aliyeamshwa usingizini na milio ya risasi. Hata kamanda wa jeshi lenyewe, Meja Jenerali Peter Kariuki, alitiwa ndani na kufungwa miaka 4, kosa lake likiwa kushindwa kuuzuia uasi, si kuufanya. Miaka mingi baadaye alikwenda mahakamani, ikaonekana haki zake zilivunjwa, na ikaamriwa alipwe fidia. Kama jenerali aliweza kuumizwa isivyo haki, koplo ni nani?

Jina la "82 Air Force" nalo limeeleweka kinyume. Hilo lilikuwa jina la jeshi jipya lililoundwa baada ya uasi chini ya Mahmoud Mohamed, na lilidumu hadi 1994 jina la Kenya Air Force liliporudishwa. Halikuwa alama waliyobandikwa watu wa zamani. Kama baba yako alitoka kizuizini 1983 na hakurudi kazini, basi hakuitumikia "82 Air Force" hata siku moja. Waliobeba jina hilo ni vijana waliofuata, na miongoni mwao ni Jenerali Francis Ogolla, aliyejiunga 1984, akarusha F-5, akaja kuwa Mkuu wa Majeshi, na kufariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Hakuna aliyewahi kumwita mhaini kwa sababu ya namba hiyo. Ndege zenyewe zilibaki zilezile: F-5, Hawk, Buffalo. Kambi pia hazikuhama, ila Eastleigh ikaitwa Moi Air Base na Nanyuki ikawa Laikipia. F-5 hizo ndizo zilizokwenda kushambulia ngome za Al-Shabaab nchini Somalia katika Operesheni Linda Nchi iliyoanza Oktoba 2011. Huenda moja kati yake ndiyo iliyo pichani mwako.

Sasa rekodi. Hapa kuna jambo dogo linaloweza kukupa jibu kubwa. Mtu akishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, huacha nyayo: kuna karatasi ya mashtaka, kuna amri ya kuunda mahakama hiyo, kuna uamuzi, kuna uthibitisho wa uamuzi. Unaniambia baba yako alikaa miezi saba akaachiliwa, bila kutaja kesi wala kifungo cha miaka. Hiyo inafanana na mamia ya wenzake waliozuiliwa, wakahojiwa, wengine wakateswa, kisha wakarudishwa makwao kwa sababu hapakuwa na la kuwashtaki. Kama ndivyo, sheria haijawahi kumwita mwasi. Ni kijiji tu kilichomwita hivyo.

Ili kulithibitisha, andika barua kwa Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Nairobi. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Omba mambo mahususi: tarehe ya kuandikishwa, kikosi, ujuzi wake, tarehe na sababu ya kuachishwa, na kama aliwahi kushtakiwa. Usiombe "faili lote la baba". Ombi la namna hiyo ni rahisi kukataliwa kwa kisingizio cha usalama wa taifa. Ambatisha cheti cha kifo na kitu kinachoonyesha wewe ni mwanawe. Wakinyamaza au wakikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, ile inayoitwa Ombudsman, maana sheria hiyo iko chini yake. Nitakuwa mkweli: wapo waliojibiwa kwa mistari miwili tu. Lakini mistari miwili yenye muhuri, inayosema kwamba fulani aliachishwa jeshi lilipovunjwa na hakushtakiwa, ina uzito kuliko makala yangu hii nzima. Isome mbele ya ukoo.

Huenda mtu akakwambia kuna pesa za fidia. Hapa nenda polepole. Ni kweli mahakama za Kenya zimewahi kuwapa fidia baadhi ya waliokuwa wanajeshi wa anga kwa kuzuiliwa na kuteswa, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliigusa mada hii katika ripoti yake ya 2013. Lakini kesi nyingine zimetupwa kwa sababu wahusika walikaa miaka thelathini kabla ya kwenda mahakamani bila kueleza kwa nini walichelewa, na mlango huo unazidi kuwa mwembamba. Tena wewe huwezi kushtaki kwa jina la marehemu kwa kuwa tu ni mtoto wake; lazima kwanza mahakama ikupe idhini ya kusimamia mali yake. Hili si jambo la kuamua kwa kusoma jibu la mtu kama mimi. Keti na wakili anayezijua kesi za haki za kikatiba, ana kwa ana, ukiwa na karatasi zote, na umuulize kabla ya kulipa shilingi: kuchelewa kwetu tutakueleza vipi? Akikwepa swali hilo, tafuta mwingine. Na akija mtu asiye wakili akidai ana orodha ya watu wa 1982 watakaolipwa na anataka ada ya kukuingiza, mfungie mlango.

Kuhusu kumwacha mzee apumzike, sidhani kutafuta ukweli kunamsumbua aliyelala. Kunaweza kuwasumbua walio hai. Kama mama yako yupo, yeye ndiye shahidi wako wa kwanza: alijua lini mumewe alikwenda na lini alirudi, alirudi na majeraha gani, ni nani aliyewaletea habari. Akikubali, yaandike maneno yake na muyaapie mbele ya kamishna wa viapo. Lakini usimkalishe na daftari siku ya kwanza. Wake wa wanajeshi wale walikaa miezi bila kujua kama ni wajane, wengine wakafukuzwa kwenye nyumba za kambi na watoto mgongoni. Akianza kutetemeka au kukosa usingizi baada ya mazungumzo, simamisha, umpeleke kwa mshauri nasaha au hospitalini. Karatasi zimengoja miaka hii yote. Zinaweza kungoja mwezi mwingine.

Kabla ya kuandika barua yoyote utahitaji namba yake ya utumishi, kwa sababu jeshini mtu hutafutwa kwa namba kwanza, jina baadaye. Usianze kwa kuhangaika ofisini. Lirudie lile sanduku la bati. Vijana wengi wa wakati ule walipaka namba zao kwa rangi kwenye mfuniko, upande wa ndani au chini ya mpini, na baadaye familia zikapaka rangi nyingine juu. Lipeleke nje kwenye jua la asubuhi, uliinamishe mwanga uupige mfuniko kwa ubavu. Namba iliyofunikwa na rangi huacha mwinuko.